Bafu Nililomjengea Baba Mkwe

Nikikutana na jirani yeyote wa enzi zile za Kitengela, hunisalimu vizuri, huniulizia watoto, kisha hutazama pembeni huku midomo ikianza kumcheza, nami najua amekumbuka. Basi afadhali niyasimulie mwenyewe, kwa sababu nimewahi kuyasikia kutoka kwa watu ambao hawakuwapo, na katika masimulizi yao mimi huwa mnene zaidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tumetoka kuhamia nyumba yetu wenyewe. Baba yake mume wangu Wafula, mzee aliyekuwa karani mstaafu wa reli na aliyeishi Bungoma, alikuwa akipoteza macho kwa mtoto wa jicho, na tulikuwa tumempatia nafasi kwa daktari wa macho ambaye angefika hospitali ya Kajiado Jumatatu moja tu kisha aende zake. Kilichobaki ni mzee kukubali kuja, na mzee alikuwa na sharti. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaogi bafu moja, hata kwa zamu, hata likisuguliwa namna gani. Alituma neno kwamba kama hana bafu lake atabaki kwake, heri awe kipofu mwenye heshima.

Bafu la pili tulikuwa nalo, ikiwa unaweza kuita bafu chumba kilichokuwa na bomba, tundu la maji machafu na gunia la makaa. Wafula alisema tungoje mwisho wa mwezi tuite fundi. Lakini mwisho wa mwezi daktari angekuwa ameshaondoka, na mimi nilikuwa likizo, nina shahada, na nilikuwa nimemtazama fundi akipanga vigae dukani kwa jirani yangu Mama Shiru asubuhi nzima (nikiwa na kikombe cha chai mkononi, jambo linalofanya kazi yoyote ionekane rahisi). Nikaamua nitalitengeneza mwenyewe.

Mama Shiru ndiye aliyeuza vifaa vya ujenzi mtaani kwetu. Aliniuzia mabaki ya vigae: vyeupe, vya buluu, na vichache vyenye picha ya zabibu.

"Mama Nekesa, hii kazi iko na wenyewe," alisema.

"Ni kupanga tu."

"Haya. Mimi kazi yangu ni kuuza."

Nilianza kwa kutundika mlango, kwa kuwa ndio ulionipendeza, mlango mwepesi wa plaiwudi unaofunguka kwa ndani, kisha nikapanga vigae vya ukutani na vya sakafuni, na sakafu ikapanda (hilo fundi wa Mama Shiru hakulitaja), ikawa mlango unaikwaruza. Nikausukuma kwa goti, ukafunguka, nikaridhika. Nilipomwaga maji kidogo kujaribu mteremko, yalituama kama yanayofikiri, halafu badala ya kuelekea kwenye tundu yakaelekea mlangoni. Nikaweka tambara. Mlango sikuupaka rangi, ili harufu isimsumbue mzee, na kwa ndani nikagongelea kishikio kidogo cha kabati.

Mzee aliwasili Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi nikampelekea maji ya moto, nikaondoka haraka kama inavyotakiwa. Maji ya Kitengela yana chumvi, povu la sabuni halitoki wala mwili hauhisi kutakata, kwa hiyo mzee alijisuuza na kujisuuza, na kila alichomwaga kilikwenda kuunywesha mlango wangu. Mama Shiru alikuwa tayari langoni na pikapu yake, atupeleke Kajiado, na daktari hangengoja mtu. Ndipo nikasikia sauti kutoka bafuni.

"Nekesa, mwambie mama yako mlango umekataa."

Binti yangu Nekesa alikuwa shuleni, na babu yake alilijua hilo, kwani ndiye aliyembariki akitoka. Lakini mzee wa heshima angezungumzaje moja kwa moja na mke wa mwanawe akiwa bafuni?

"Nekesa, mwambie babu avute kishikio," nikajibu.

Nikasikia misumari ikichomoka. "Nekesa, mwambie mama yako kishikio ninacho mkononi."

Nilisukuma kwa goti, kwa bega, kwa mgongo. Mlango ulikuwa umevimba ukashikana na vigae. Dirisha lilikuwa na vyuma. Nikamwita Mama Shiru, naye akaja pamoja na Naserian, mama aliyetuletea maziwa kila asubuhi, tukasukuma sote watatu bila faida.

"Huyo Nekesa mnaongea na yeye ako wapi?" Mama Shiru akauliza.

"Shule."

Akanitazama. "Tutafute mwanaume."

Mwanamume wa wapi? Kitengela ya siku hizo, ikifika saa mbili ya siku ya kazi, wanaume wote, Wafula akiwamo, walikuwa wameshakwenda Nairobi. Waliotujia ni akina mama waliokuwa foleni ya maji, kila mmoja na mtungi wake na ushauri wake.

"Vunja," akasema Mama Shiru. "Daktari anaenda."

"Na nikimwona?"

"Hata mimi sitaki kumwona. Kwetu pia hiyo ni mbaya."

"Kwetu ndiyo usiseme," akasema Naserian, akatoa shuka begani na kunipa. "Funga macho."

Nikajifunga kitambaa hicho machoni. Nikapaza sauti, "Nekesa, mwambie babu asimame kwenye pembe ya dirisha." Akina mama wote wakageukia ukutani, nami nikakimbia kutoka jikoni kwa nguvu zangu zote.

Mlango ulifunguka kwa wepesi ambao sikuutarajia. Nilipita juu ya tambara, nikateleza bafu zima, nikagonga ukuta wa mbele, nikakaa majini. Halafu nikasikia vigae vya ukutani vikianza kudondoka, kimoja, kingine, kingine, bila haraka.

"Nekesa," ikasema sauti ya mzee, "mwambie mama yako atoe hiyo nguo machoni. Mimi nilivaa zamani."

Nikaifungua. Alikuwa amesimama penye dirisha na koti, tai, kofia na viatu vilivyopakwa rangi, ameshika kishikio cha kabati kwa vidole viwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amethubutu kumuuliza.

Muda wa kubadilisha nguo haukuwapo. Nilifika Kajiado nikiwa nimelowa, saruji nyweleni, na muuguzi akamwacha mzee amesimama akaniletea mimi kiti. Lakini tuliwahi.

Alipotolewa bandeji na kurudi kwetu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuingia bafuni. Alikaa humo muda mrefu, pasipo sauti ya maji. Safari hii Nekesa alikuwa nyumbani, ameketi nami jikoni.

"Nekesa," akaita.

"Naam, babu."

"Mwambie mama yako daktari amefanya kazi nzuri. Naona kila kitu." Nikasikia akikanyaga kigae kilicholegea. "Mwambie tena, hapo mwanzo bafu lilikuwa zuri zaidi."

Tangu siku hiyo, bomba likivuja kwangu naweka ndoo chini, nampigia fundi simu, halafu nashika kikombe changu cha chai na kumtazama tu.