Kutoka Hässelby hadi Ziwani, na Kipande Cheusi cha Pampu

Safari hii ya usiku mmoja ilitokana na swali la mama mkwe. Alikuwa amekaa nasi Hässelby, huku ughaibuni, karibu miezi mitatu, amepika, ameshona mapazia, na hakuwa ameomba kitu chochote. Wiki ya mwisho akasimama dirishani akamwuliza mke wangu, Rehema, "Ile nyumba yenu ya magurudumu inalaliwa kweli, au ni ya kuangalia tu?" Siku ya Jumanne alikuwa anarudi Kilosa, na kwa umri wake sijui kama atakuja tena. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikasikia kila neno, nadhani kama alivyokusudia.

Niwaeleze mnaosoma mkiwa nyumbani. Gari lenyewe lina vitanda, jiko na sinki, na lina umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Injini ni ya petroli, ya zamani, na pampu yake ya mafuta haitumii umeme. Imefungwa ubavuni mwa injini kwa boliti mbili. Ina mkono mdogo ulioingia ndani, injini ikizunguka inausukuma mkono huo, na mafuta yanavutwa kutoka kwenye tangi. Pampu hiyo ilikuwa inavuja. Mimi si fundi. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali kule Flemingsberg. Lakini nilijiambia boliti mbili haziwezi kunishinda, tena mbele ya mkwe nilitaka kuonekana mtu. Nalikiri mapema ili lisije likanisumbua mbele ya safari.

Alhamisi jioni, kwenye maegesho, jua la kiangazi cha huku bado liko juu, nilibana mpira wa mafuta, nikafungua pampu ya zamani, nikafunga mpya niliyoinunua dukani. Boliti zikaonekana ndefu mno, nikazijaza washa, vile vipete vya chuma, mpaka zikakaza. Injini ikawaka. Nikakusanya taka kwa utaratibu wa huku: chuma mfuko wake, plastiki mfuko wake, matambara ya mafuta peke yake. Nilipokuwa mgeni hapa jirani alinisema kwa kuchanganya magazeti na maganda ya ndizi, na tangu siku hiyo sina mchezo na taka. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi anashona, anatazama. Hakusema kitu, nami sikumwuliza. Kwetu mkwe unamwamkia, unamwuliza kalalaje, basi. Ijumaa alfajiri nikapeleka mifuko kwenye kituo cha taka nikiwa nimejaa sifa zangu mwenyewe.

Jumamosi saa nne asubuhi tukaondoka. Rehema alikaa mbele nami, mama nyuma mezani, mkoba mapajani. Tulipita madaraja, maji kulia na kushoto, mashua nyeupe zimetawanyika.

"Mwambie mumeo anaendesha vizuri," mama akasema.

Rehema akanigeukia. "Unaendesha vizuri."

"Mwambie mama ahsante."

Kati yangu na mama hapakuzidi hatua mbili.

Kabla ya Vårby gård tukaingia kwenye foleni, na ndani ya injini ukaanza mlio, tak, tak, tak, kama mtu anagonga kwa kijiko. Halafu gari likakohoa. Nikalitoa barabara kuu kwa nguvu zake za mwisho, likazima tulipofika tu kwenye maegesho karibu na maduka.

"Yule muuzaji amenipa pampu siyo," nikasema.

"Ulimpa namba ya gari?" Rehema akauliza.

"Nilimpa."

"Akaitazama?"

"Akaitazama."

"Sasa kosa lake nini?"

"Wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa kufika."

Nikampigia Papa Shukuru, mtu wa Bukavu anayekaa hapo hapo Vårby gård. Tuliwahi kufanya kazi ya usafi pamoja, kabla hajarudia ufundi wake wa magari. Alikuja kwa miguu, vifaa vyake kwenye kikapu cha magurudumu cha kwendea sokoni. Hakugusa injini kwanza. Alimsalimia mama, akamwuliza habari ya mwili, ya Kilosa na ya baridi ya huku, ndipo akafungua boneti, mimi nikimlalamikia muuzaji. Akaleta mkono karibu na pampu, akaurudisha haraka.

"Inawaka moto. Tungoje ipoe," akasema. Ilipopoa akainama na tochi. "Ndugu yangu, pompe iko muzuri. Muuzaji hana makosa. Sasa hizi washa zote ni za nini?"

"Boliti zilikuwa ndefu."

"Na kwa pompe ya zamani zilikuwa ndefu?"

Nikazitazama boliti.

"Hapa kati kulikuwa kipande, kinene kama kidole. Kinazuiya moto ya injini isifike kwa pompe, tena kinafanya mukono usiingie sana ndani. Bila hicho mafuta inachemka, na mukono inagongwa. Njo sababu ya ile mulio. Kiko wapi?"

Hapo nikakikumbuka. Kilikuwa cheusi, kimegandana na pampu ya zamani, nikadhani ni sehemu yake. Papa Shukuru akasema kukiagiza kipya kwa injini ya umri huu ni wiki nzima, pengine zaidi. Nikahesabu kichwani: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Ningeweza kunyamaza watu wadhani muuzaji ndiye aliyesahau kunipa kipande hicho, na kusema kweli niliwaza hivyo kidogo. Lakini yule kijana wa dukani hakunikosea kitu.

"Nimekitupa mimi," nikasema, mkwe ananisikia.

Halafu nyuma kule mama akakohoa.

"Rehema, mwambie mumeo nina kitu hapa."

Akafungua mkoba, akatoa leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na kipande cheusi chenye matundu mawili, kimekwanguliwa kikang'aa. Alikuwa amekitoa kwenye mfuko wangu wa chuma Alhamisi ile ile na kukibandua kwa mkasi wa kushonea. Mama huyu ameendesha mashine ya kusaga peke yake tangu afiwe na mumewe, jambo nililolijua miaka yote bila kulifikiria.

"Mwambie, kwangu kitu cha mashine hakiondoki mpaka nione unga."

Papa Shukuru akaweka spana chini. "Mama, unabeba hii tangu Hässelby? Mbona hukusema?"

"Nimfundishe mkwe wangu kazi? Hakuniuliza."

"Na wewe mbona hukuuliza?" akanigeukia mimi.

"Mkwe anaulizwa habari za boliti?"

"Aa, Watanzania. Siku moja heshima yenu itawalaza kwa barabara."

Mama alicheka kuliko sisi wote.

Papa Shukuru akazungusha injini kwa spana mpaka mkono wa pampu ukalegea, akakata gasketi mbili za karatasi za kuzuia uvujaji, akaweka kile kipande katikati. Boliti zikaingia bila washa hata moja, zikatoshea. Injini ikawaka, mlio haukuwepo.

Saa tisa tukafika ziwani, kusini ya Södertälje. Mama akavua viatu akaingia majini mpaka magotini, akasema ni baridi, akakaa humo humo. Usiku alilala kitanda kikubwa na Rehema. Mimi, kwa sababu ya ukwe, nililala hemani na mbu.

Jumapili wakati wa kurudi nilimkuta mama kasimama kwenye mlango wa mbele. Rehema alielewa kabla yangu, akaenda kukaa nyuma. Tulipokaribia Vårby gård mama akanyoosha kidole.

"Punguza kidogo. Sikiliza."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu lisilopita kwa mtu. "Nasikia nini, mama?"

"Hakuna. Ndicho unachotakiwa kusikia."

Basi nilichojifunza ni kwamba aliyekuwa na jibu alikuwa ndani ya gari langu, nami nilikuwa namwuliza kalalaje. Tangu hapo nikamwuliza mambo mengi: mikanda, vichujio, mawe ya kusagia. Akanijibu yote mpaka kwenye madaraja.

"Na ile pampu ya zamani," akasema, "si mpira wa ndani tu uliochoka?"

"Nadhani, mama."

"Ukaitupa nzima."

"Kwenye mfuko wa chuma, mama."

Akageukia dirisha. Mpaka Hässelby hakunisemesha tena.