Bidon ya Buleusa

Umurerwa alipoingia depo ya mawese pale Mweso kuomba nafasi ya pikipiki, Mama Euphrasie, mwenye depo, alitazama viatu vyake kwanza, kisha begi, akajua huyu hana nauli.

"Minaenda Buleusa, Mama. Niko mwanafunzi wa biostatistique, hesabu ya magonjwa. Natafuta sababu gani watoto ya kule wanahara kupita wa kijiji ya Shasha."

"Na nauli utalipa na hiyo sababu?"

"Nitalipa na habari."

Euphrasie akaketi vizuri. Penye kuhara hakuna wa kupanda michikichi, na pikipiki zake tatu hurudi tupu. Akataka jina la kila nyumba yenye mgonjwa. Binti akakataa kabisa. Wakavutana mpaka chai ikapoa, wakapatana: jina la kijiji ndiyo, la muntu hapana.

"Kichwa nguvu kama mbuzi ya Masisi," Euphrasie akasema, akampandisha pikipiki ya mwisho, naye akapanda pamoja.

Njiani akamjua. Mtoto wa wakulima wa maharagwe, mlimani. Mdogo wake alikufa kwa kuhara, karatasi ya zahanati ikaandikwa "homa", na tangu hapo Umurerwa haamini karatasi ambayo hakuijaza mwenyewe. Alieleza hayo huku akimenya ndizi. Euphrasie akaona huyu angefaa sokoni.

Kule Buleusa Umurerwa alipita nyumba mia moja arobaini kwa siku nne, na swali kubwa lilikuwa moja: bidon ngapi, madumu mangapi ya maji, kwa siku? Mwezi uliopita, Shasha walijibu mbili. Hapa walijibu tano. Shirika lililompa tablette ya kujazia majibu lilikuwa na saruji ya chemchemi moja tu, na ripoti yake ya Ijumaa ndiyo ingesema iende wapi.

"Iende Shasha," akasema Alhamisi asubuhi, kidole tayari kutuma. "Huku maji iko mingi. Moyenne, wastani ya nyumba yote, haidanganye."

"Bidon gani?"

"Bidon ni bidon, Mama. Litre makumi mbili."

Euphrasie akacheka mpaka akashika kiuno. "Mimi njo naleta bidon huku, mutoto yangu. Ya mafuta. Litre tano. Muntu wa Buleusa akisema bidon, njo ile. Yenu kubwa ataipandisha mulima na shingo ya nani?"

Tano mara tano. Makumi mbili na tano, na Shasha, penye bidon ni ile kubwa, arobaini. Umurerwa akakaa juu ya jiwe.

"Ningewanyima maji na hesabu safi, tarakimu mbili nyuma ya virgule," akasema.

"Rudia nyumba yote. Wakuonyeshe chombo, si mudomo."

"Pikipiki zako zinaenda leo."

"Mbili zinaenda. Moja inabaki, lakini chemchemi ikae karibu na wakamua mafuta wangu."

"Itakaa penye hesabu inasema."

"Basi weka jina yangu mu kitabu yako."

"Hiyo sawa."

Ripoti ilifika Jumatatu badala ya Ijumaa, na Umurerwa akakaripiwa na shirika. Chemchemi ilijengwa Buleusa, Shasha ikakosa. Siku ya kutetea mémoire, kitabu chake cha kumaliza chuo, alikatwa alama kwa kuchelewa kuikabidhi, na profesa akauliza Mama Euphrasie wa ukurasa wa arobaini na moja ni daktari wa wapi.

Euphrasie naye alipata mawese yake, pikipiki zote tatu zikirudi zimejaa. Ila maji yalipokaribia, watu wa Buleusa walianza kuagiza bidon kubwa, na zile ndogo zikabaki ukutani depo nzima. Juzi alizipakia kwenda Shasha, akaone kule wataziita nini.