Kuku Asiguse Sakafu

Watu waliomtia Nyamoita kinyaa hawakuwa wengi, lakini karibu wote walikuwa walimu wa tuisheni.

Naye alikuwa mwalimu wa tuisheni. Kila Jumapili alifundisha kemia nyuma ya duka la mbolea pale Keumbu, watoto wa kidato cha nne, wale tu wanaoweza kuona ubao bila kunyoosha shingo. Kabla ya kusomea ualimu aliuza ndizi barabarani na mamake, na huko ndiko alikojifunza biashara: ndizi zikiisha, mwambie mteja zimeisha, tena umwonyeshe aliye nazo kabla soko halijafungwa. Ukimdanganya kwamba zinakuja, harudi. Akirudi, anarudi na matusi.

Mama mmoja, Mong'ina, alifika darasa likitoka, kuku amembana kwapani, bintiye Phanice akimfuata amevaa sare ya shule.

"Mwalimu, nimekuletea huyu mtoto. Na huyu kuku."

"Kuku mshikilie kwanza." Nyamoita aliwajua wazazi wa kwao: kuku akishagusa sakafu, mtoto ameshaingia darasani. "Mtihani si ndio huo mlangoni? Alikuwa wapi tangu Januari?"

"Kwa mwalimu Duncan, Masimba. Kila nikienda ananiambia, 'Mama, huyu ni wangu, usimpeleke kwingine, nafasi inakuja.'"

"Amemfundisha nini?"

"Hajanifundisha kitu," Phanice akajibu mwenyewe.

"Na mlimpelekea nini?"

"Mkungu wa ndizi," mama akasema. "Na jogoo, wakati wa Pasaka."

"Nyinyi ni wa kanisa gani?"

"Sisi ni Wasabato."

Nyamoita akahisi mate yakimjaa kinywani. Duncan hufundisha Jumamosi tu, siku ya Wasabato kusali, na Masimba nzima inajua. Akampigia simu, akaweka spika.

"Duncan, una darasa Jumapili?"

"Jumapili? Madam, Jumapili ni misa na mpira. Kwani unanitafutia kazi?"

"Na mtoto wa Sabato utamfundisha lini?"

"Aah, yule wa mama wa jogoo!" Akacheka. "Sasa dada, mzazi utamkatalia usoni? Utaambiwa una maringo. Mwambie angoje, atachoka mwenyewe. Na watu wakisikia kwa Duncan kuna foleni, si hayo ni matangazo ya bure?"

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wake, si wangu."

"Mama mwenyewe yuko hapa. Amekusikia."

Simu ikakatwa. Kuku akalia. Nyamoita akaenda dirishani akatema mate.

Aliporudi, mama alikuwa ameinama, anamshusha kuku. "Basi wewe mbananishe tu pale nyuma, mwalimu. Hata chini atakaa."

Ingekuwa rahisi. Mama angeshukuru, kuku angebaki, na Phanice angemaliza muhula akitazama visogo vya wenzake. Huyo angekuwa Duncan tu, ila mwenye sauti ya upole.

"Inua kuku, mama Phanice. Nimejaa. Pale nyuma atakaa, hatafundishwa."

"Hata wewe?"

"Mimi nakuambia leo. Subiri hapo."

Mwalimu mwingine aliyebaki wa kemia siku ya Jumapili alikuwa Osoro wa Sironga, aliyekuwa akitangaza sokoni kwamba wanafunzi wa Nyamoita hukariri kama kasuku. Afadhali Nyamoita angemeza kwinini kuliko kumpa Osoro mwanafunzi. Akampigia.

"Osoro, una nafasi ya kemia? Kidato cha nne, yuko nyuma sana. Sema ndiyo au hapana. Usiniambie utaona."

"Nyamoita? Wewe leo unanitumia mtu? Umekula nini?"

"Ndiyo au hapana!"

"Ndiyo, bwana. Kuna walioacha. Aje leo saa tisa na vitabu vyake, nijue anapopotelea."

"Anakuja na kuku. Usimchinje kabla hujafundisha."

"Kumbe na kuku yuko!" Osoro akaangua kicheko. Nyamoita akakata simu kabla hajaghairi.

Mong'ina alitaka kushukuru kwa maneno marefu, lakini Phanice alikuwa ameshamshika mkono, anamvuta kuelekea steji ya matatu.

Kuku naye alikuwa ameacha kinyesi mlangoni. Nyamoita akachukua ufagio, akakisukumia nje, huku akimtaja Duncan kwa jina.