Majani barabarani yalivyoamua ubingwa wa rally, na kwa nini mpaka leo nabishana na kaka yangu

Wakuu, wa shikamoo pokeeni shikamoo zenu, wa mambo poa tusalimiane hivyo hivyo.

Jana nimesoma ule uzi wa jukwaa la michezo mnavyotoana macho kuhusu msimu wa rally ya dunia. Kwamba ni uonevu anayeongoza kwa pointi ndiye afungue barabara, awafagilie wenzake changarawe, halafu wao waje nyuma kwenye njia safi. Mmoja kasema ndiyo gharama ya ukubwa. Mwingine kauliza mbona kwenye ligi ya mpira kinara hawekewi goli pana.

Nimecheka, ila hilo jambo limenipitia mwilini.

Ninayosimulia hapa ni kweli tupu. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wahusika wengine wamo humu na wakisoma watanijua.

Mimi ni mwanamke, naishi Kawe, kazi yangu ni ya ofisini. (Mnaojiandaa kukimbilia PM, tulieni kwanza, somo ni refu.) Wikiendi nilikuwa navigator wa kaka yangu, nimwite Deo, kwenye mashindano yetu ya hapa nyumbani. Si ya dunia, lakini kanuni nyingi tumezichukua huko huko, ikiwemo hiyo ya kinara kufungua barabara.

Kwa msiojua: kwenye rally magari hayaondoki pamoja. Linaondoka moja, dakika chache zinapita, linaondoka la pili. Kila mmoja anapambana na saa. Kazi ya navigator ni kusoma noti za njia kwa sauti: kona hii kali, ile nyepesi, hapa kuna shimo, pale kanyaga tu. Dereva haoni mbele ya kona. Anaamini mdomo wako.

Deo ana duka la vipuri, anaishi Mbezi Beach na familia yake. Ni mpole nyumbani, lakini ukimfunga mkanda kwenye lile gari lake kuukuu anakuwa mtu mwingine.

Mpinzani wake wa miaka yote ni Salim, mtoto wa Msasani halisi, wale ambao babu zao waliishi pale kabla ya maghorofa na migahawa. Wanapendana na wanataniana mpaka wageni wanadhani ni ugomvi. Deo humwambia watu wa pwani mnaendesha kama mnapeleka bibi harusi. Salim humjibu wewe Mchaga, ikidondoka shilingi mia dirishani utasimamisha gari katikati ya mashindano uitafute.

Sasa, utani ni utani, lakini ubingwa Salim alikuwa anao. Deo hakuwahi. Kila msimu wa pili. Pale mtaani walimbatiza Makamu, na yeye hucheka, ila mimi dada yake najua kicheko chake cha kweli na kile cha kufunika.

Na msimu ninaousimulia ulikuwa wake wa mwisho. Msimu uliotangulia alipindua gari, tukatoka salama, lakini wifi alisema imetosha. Deo akaahidi mbele ya mama yetu: namalizia msimu mmoja, kisha nauza gari. Kwetu ahadi iliyotolewa mbele ya mama haina mjadala. Kwa hiyo ilikuwa aupate ubingwa mwaka huo, au asiupate tena.

Tukafika rally ya mwisho Salim akiongoza kwa pointi, sisi wa pili, wa tatu jamaa mmoja kijana wa Arusha, mwepesi kama nini, ila kwa pointi asingeweza tena kumfikia Salim. Hesabu yetu ilikuwa rahisi: Deo ashinde rally ile, na Salim apate balaa. Sikuomba balaa, jamani. Nilisali tu bila kutaja jina.

Stage ya mwisho, yaani kipande cha kufungia mashindano, ilipita huko nyuma ya Mabwepande, njia za mashamba, changarawe juu ya udongo mgumu. Salim akaondoka wa kwanza kama kanuni inavyotaka. Tukafuata sisi. Nyuma yetu jamaa wa Arusha.

Tulikuwa tunaruka vizuri. Nasoma, anakata. Nasoma, anakata. Nikafika kwenye noti ya kona moja ya kulia, nyepesi, iliyofunikwa na mikorosho. Noti ilisema usiachie mafuta. Nikaisoma hivyo hivyo, kwa sauti ya kujiamini kabisa.

Deo akakanyaga breki.

Nilimtukana, nakiri. Kisha nikainua macho, nikayaona. Majani.

Mnajua ninachosema. Matawi yamekatwa yakalazwa barabarani, moja, mbele kidogo jingine, mbele kidogo jingine. Mtanzania yeyote, hata asiyewahi kushika usukani, akiyaona yale anajua kuna gari limeharibika mbele. Hatuambizani. Unapunguza tu, mguu wenyewe unajua.

Tukapita taratibu. Nyuma ya kona gari la Salim lilikuwa limeingia mtaroni kwa pua, mkia umebaki barabarani. Navigator wake, Idi, alikuwa amekaa chini karibu na tairi la nyuma, ameshika goti. Salim amesimama, mkono mmoja ameukumbatia kifuani, mwingine anatupungia kwamba tupite, wao wazima.

Tukapita. Deo akakanyaga tena, lakini spidi ikishakufa kwenye changarawe haifufuki mara moja.

Kumbe tulipoondoka tu, wanakijiji waliokuja kutazama wakasaidiana kulisukuma gari lote likaingia mtaroni, wakamhamisha Idi, na wakayaondoa majani wakidhani wanasaidia. Jamaa wa Arusha alipofika akakuta njia nyeupe. Alipita kama noti yangu ilivyosema, bila kuachia mafuta.

Akashinda rally kwa sekunde zisizofika kumi. Sisi kwenye majani tulipoteza zaidi ya hizo.

Yaani Salim, akiwa mtaroni, kabaki bingwa. Deo, Makamu tena, na safari hii milele.

Niliumia, wakuu. Nililia ndani ya helmeti ambapo hakuna anayeona.

Tukawasilisha malalamiko. Kikao kikafanyika jioni ile ile kwenye ukumbi wa hoteli moja Mbezi Beach. Mwenyekiti wa waamuzi alikuwa mama mmoja mwanasheria, mtu wa kusikiliza na asiyependa maneno mengi.

Shida ilikuwa hii. Kila gari la rally lina kibao chenye pande mbili, upande mmoja SOS, mwingine OK. Ukipata ajali unawaonyesha wanaokuja nyuma. Ukionyeshwa SOS unasimama, na muda wako unarudishwa. Majani hayamo kwenye kanuni. Waliotunga kanuni hawakuwahi kufuata lori bovu kwenye barabara zetu.

Mama Mwenyekiti akaeleza kwa upole kabisa. Kama majani yaliwekwa na wanakijiji, basi ni hali ya barabara, sawa na ng'ombe akikatiza, kila mtu na bahati yake. Lakini kama yaliwekwa na timu yenyewe iliyopata ajali, hiyo ni tahadhari, na yeye ana mamlaka ya kuturudishia muda.

Tukirudishiwa muda, Deo anashinda rally. Akishinda rally, Deo bingwa.

Kwa hiyo kila kitu kikabaki kwenye swali moja: nani aliweka majani? Na wanakijiji hawakuwepo kikaoni, wa kujibu ni Salim na Idi tu. Yaani mtu ambaye jibu lake ndilo litakalomvua ubingwa.

Nilimwangalia Deo. Nilimwona anahesabu kama mimi: mtu akinyamaza hapa, nani atamlaumu?

Salim alikuwa amefungwa bandeji mkono. Hakusubiri hata kuulizwa.

"Majani nimeyaweka mie, mama," alisema.

"Kibao kilikuwa wapi?"

"Kibao kilibanwa na mlango upande wa Idi. Nimevuta, hakitoki. Na Deo namjua, kona ile haachii mafuta. Anakuja na dada yake. Idi yuko chini, hanyanyuki. Sasa mie ningefanyaje, nisimame niite Mungu? Nimevunja mikorosho nikaweka."

"Unaelewa ulichosema kinamaanisha nini kwa ubingwa wako?"

"Naelewa."

Jamaa wa Arusha alikuwa amekunja mikono, na kwa kweli hata yeye hakuwa na kosa lolote. Alikuta njia safi, akapita.

Mama akanigeukia mimi. Akaniuliza noti ya kona ile ilisema nini. Nikamwambia. Akauliza, bila majani tungepita kwa spidi gani? Nikaanza kujibu, nikauona tena akilini mkia wa lile gari, nikamwona Idi alivyoshika goti. Nikasema tu, "Tusingepita, mama."

Akaandika kidogo. Kisha akamwambia Deo kuwa ushahidi umetosha, akitaka kuendelea na malalamiko atayatolea uamuzi pale pale. Yeyote mwenye akili aliujua uamuzi wenyewe.

Deo akaomba dakika chache. Tukatoka nje, upande wa maegesho.

Akaniambia anaondoa malalamiko.

Wakuu, nilichemka. Nilimwambia haki ni haki. Salim mwenyewe kakubali, kanuni inaruhusu, hatumwibii mtu. Nikamkumbusha ahadi aliyompa mama, nikamkumbusha miaka yote ya kuitwa Makamu.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema:

"Nikiuchukua huu ubingwa, watu wote watajua Salim kaukosa kwa sababu kaweka majani. Msimu ujao mtu akiingia mtaroni, nani ataweka?"

Nikamjibu, na hapa naomba mnisome vizuri kwa sababu bado naamini nilikuwa na hoja. Nikamwambia na sisi tuliopunguza je? Tumeukosa ubingwa kwa sababu tumepunguza. Msimu ujao nani atapunguza?

Akatabasamu kidogo. "Ukiona majani utapunguza tu, mdogo wangu. Unaogopa kufa. Ila kuyaweka ni hiari ya mtu."

Akarudi ndani, akaondoa malalamiko. Salim akabaki bingwa. Deo alimshika mkono ule mzima, na nilimsikia anamwambia, "Mpwani, umeendesha kama unapeleka bibi harusi, ukammwaga mtaroni." Salim akacheka huku machozi yanamlenga, akashindwa kurudisha utani. Sijawahi kumwona Salim anashindwa kurudisha utani.

Gari Deo kaliuza kama alivyoahidi. Siku hizi wikiendi anaoga mapema, anapeleka watoto ufukweni. Wifi ana furaha. Yeye anasema ana furaha. Kile kicheko cha kufunika nakisikia mara moja moja, mashindano yakitajwa redioni, na kinaniuma kila mara.

Nirudi kwenye ubishi wenu wa rally ya dunia. Nilichojifunza ni kwamba hakuna utaratibu wa kuondoka utakaomtendea kila mtu haki. Anayetangulia anafagia changarawe, wa pili anafagia majani, wa tatu anashinda rally na hajamkosea mtu. Kanuni zinaweza kugawa hasara, haziwezi kuifuta. Nilichokuwa sikijui ni kwamba haki nyingine hulindwa na mtu anayekubali kuikosa.

Hayo nayasema kwa kichwa. Kwa moyo, bado naona Deo angechukua kombe lake. Alilistahili.

Kwa hiyo naomba hukumu yenu, hasa wanasheria na madereva wa masafa marefu mliomo humu: ungekuwa Deo, ungeendelea au ungeondoa? Na msinijibu kishabiki, jibuni kama mtu aliyesubiri miaka yote ile na kombe liko mkononi.

Kabla hamjaanza kunishambulia, la mwisho.

Goti la Idi halikupona vizuri, kaacha mashindano. Msimu huu mpya ulipokaribia, Salim alinipigia simu akaniomba niwe navigator wake. Nilikasirika kwanza, nikaona kama dharau. Nikaenda Mbezi Beach kumwambia Deo, nikijua atachukia, ili nipate sababu ya kukataa.

Deo alikuwa anafuta mchanga kwenye miguu ya mwanawe. Hakuinua hata kichwa.

"Nenda," alisema. "Wifi yako hatalala vizuri wala mama hatalala vizuri, lakini mie nitalala. Yule akianguka, ataweka majani."