Karatasi Kwenye Majani Chai

Harufu ya majani chai mabichi yaliyolowa mvua, yakianza kupata joto ndani ya kikapu mgongoni, hunirudisha kijijini kwetu Nyacheki papo hapo, kwenye muhula wa pili wa darasa la saba. Watu wa mjini hudhani kwamba shamba la chai hunukia chai. Wapi! Hunukia nyasi iliyokatwa sasa hivi, na ndani yake mna uchachu kidogo ambao sisi tuliokulia huko tunaujua hata tukifumba macho. Muhula ule kichwa changu kilikuwa na neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza.

Mwalimu Kemunto, aliyetufundisha Kiingereza, alimgawia kila mmoja wetu neno dogo la kawaida, tutafute matumizi yake yote na kutunga sentensi zetu wenyewe. Mimi nilipewa "run". Nikanuna, maana nilijua ni kukimbia, basi. Lakini mwalimu aliahidi kwamba atakayewashinda wenzake angeenda na kamusi nyumbani likizo nzima ya Agosti. Shule nzima ilikuwa na kamusi moja, imevalishwa karatasi ya kaki na kufungiwa kabatini, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kutoka nayo langoni. Niliitaka kuliko viatu, na viatu sikuwa navyo. Basi kila mapumziko mwalimu alinifungulia, nikawa nasimama kando ya kabati nikinakili. Kumbe mto nao hu-run, na pua ya mtoto mwenye mafua, na rangi ya nguo ikifuliwa, na mtu anayegombea kiti, na basi linalokwenda Keumbu na kurudi! Nilijiuliza ni watu gani hawa wasioona aibu kuupa mto na pua kitenzi kimoja.

Kila matumizi niliyaandika kwenye kipande chake cha karatasi. Alasiri nikitoka shule nilimsaidia mama kuchuma, na kuchuma chai hakukuachii mkono wa kushika daftari, kwa hiyo nilivichomeka vile vipande kwenye ukingo wa kikapu, nikawa nageuza shingo, nasoma, nachuma, nakariri. Baba alikuwa bawabu Nakuru na tulimwona Krismasi. Shamba lilikuwa la mama, na la egesangio, yaani kikundi cha akina mama waliochumiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu yetu ilikuwa Ijumaa. Kwetu sisi Wasabato Ijumaa haina mchezo: jua likizama, Sabato imeingia, na hakuna anayegusa kazi mpaka kesho yake jioni. Majani yasiyopimwa mapema yangebaki maguniani, yapate joto, yawe mekundu, yatupwe.

Ijumaa hiyo mvua ilitunyeshea tukiwa bado shambani. Tulimimina vikapu haraka haraka magunia yakajaa, tukateremka hadi kituo cha kununulia majani. Karani, mtu wa upande wa ziwani aliyezungumza nasi Kiswahili, alimwaga gunia la kwanza mezani, akainamisha kichwa, akaokota kitu kwa vidole viwili.

"Mama Moraa," alisema, "hii majani iko na karatasi ndani. Siwezi pima mpaka zitoke zote."

Moraa ni mimi. Vile vipande vyangu vilikuwa vimeporomoka humo tulipomimina vikapu. Lori la kuchukua majani lilikuwa limeshaanza kupiga honi kwenye kona ya juu, na jua lilikuwa limeinama. Nilijua kwamba chai ya mama ikioza kwa sababu yangu, sitagusa kamusi tena, na siku ya kusoma sentensi zetu ilikuwa Jumatatu. Mama alinitazama. Alikunja mikono ya sweta, akaanza kuchambua, na wale akina mama wote wakamwaga magunia na kuinama pamoja naye. Nikalia kimyakimya huku nikichambua.

Mmoja wao, Mama Kerubo, aliinua kipande akaniuliza kimeandikwa nini. Nikamweleza kwa Ekegusii, lugha yetu, huku nikifuta machozi, kwamba ni habari ya pua yenye mafua. Walicheka mpaka karani akataka kujua kulikoni. Tangu hapo kila kipande kilichopatikana kiliinuliwa juu, nami nikatafsiri, na kazi ikaenda mbio. Ndipo mama akaongea kwa mara ya kwanza, tena kwa Kiswahili, ili karani naye asikie.

"Na ile ya mtu mwenye anaendesha shamba. Hiyo iko?"

Ilikuwepo. Nilikuwa nimeiona na kuiruka, kwa sababu kamusi ilitaja makampuni na mahoteli, nikaona haituhusu. Niliona aibu kuliko ile ya karatasi. Nikamwambia iko.

"Sasa mbona hukuandika?"

Karani alichana kipande cha karatasi, akaandika "I run a farm", akampa mama, si mimi. Mama alimwomba aisome mara mbili, akaifunga kwenye pindo la leso. Majani yalipimwa, lori likaondoka jua likiwa bado juu ya mlima kidogo tu. Jumapili mama alivikausha vipande vyangu juu ya kifuniko cha sufuria kando ya meko, na Jumatatu nikavisoma darasani, sentensi ya mama ikiwa ya mwisho. Mwalimu Kemunto alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kufungua kabati, na likizo ya Agosti kamusi ikalala kwetu.

Leo naishi Kisii mjini na kazi yangu ni kufundisha. Wanangu wakitaka maana ya neno hubonyeza simu, na kabla sijavaa miwani wameshaipata. Nafurahi, siwatakii kusimama kando ya kabati. Ninachowaonea huruma ni kwamba hutafuta peke yao, bila meza ya akina mama wenye mikono iliyolowa.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kliniki. Kijana wa mapokezi alijaza fomu akiniuliza mimi, kana kwamba mama hayupo: jina, umri, kijiji, halafu kazi. Kabla sijajibu, kalamu yake ilikuwa imeshaanza kuandika kwamba hana. Mama akaegemea dirisha.

"I run a farm," akamwambia.

Kijana akafuta, akaandika upya.