Shikamoo Mlangoni pa Ghala

Juzi, mjini Mbinga, nilimwona mzee akimwamkia kijana mwenye funguo za ghala la mahindi. Tangu hapo sijatulia.

Nilikuwa mtoto, kwetu Matiri. Mahindi yalikuwa bado machanga shambani, na nyumba nyingi zilikuwa zimeishiwa chakula. Ghala letu lilikuwa limejaa, likinuka moshi na vumbi la pumba. Alasiri ile alikuja jirani yetu, Bibi Ana, pamoja na mjukuu wake Rozi, rafiki yangu. Bibi akapiga goti mbele ya mama yangu, aliyekuwa na umri wa binti yake.

"Shikamoo, mama."

Nilicheka, nikidhani anatania. Mama hakucheka.

"Marahaba," aliitikia, akamjazia debe. "Kesho mje mnipalilie kahawa."

Sasa nimesoma jinsi utawala ulivyoanza zamani, watu walipojifunza kulima na wachache wakashika akiba ya nafaka. Siku ile sikujua lolote, lakini nilimkimbilia Rozi njiani nikamwambia aniamkie na mimi.

Alilitazama debe kichwani mwa bibi yake.

"Shikamoo," akasema.

Nikaitikia, na ilikuwa tamu kinywani.