Mkwe Asiyeitikia Shikamoo

Kabla ya kuugua, Mzee Alute wa Mtinko alikuwa na mdomo ambao hata wabaya wake waliuheshimu. Alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, na tukisema ukweli, wengi wa ng'ombe aliowauza walikuwa wamekonda; kilichonona ni maneno yake. Alimzunguka fahali mzee mwenye mbavu za kuhesabika, akamsifia mpaka mwenye fahali mwenyewe akaanza kusita kumuuza. Watu walimcheka, walimtukana, na mnada uliofuata walimtafuta tena.

Basi kidonda kikamtokea pembeni ya ulimi. Akadhani amejing'ata. Akasukutua maji ya chumvi, akahamishia tumbaku yake shavu la pili, akaendelea na mnada. Angekuwa ng'ombe wake ndiye mwenye kidonda, angemwita bwana mifugo siku hiyohiyo. Kwa ulimi wake mwenyewe alisubiri miezi, mtu mzima na akili zake.

Alipofika hospitali Singida mjini, daktari hakumficha: ni saratani. Akapelekwa Dar es Salaam. Huko wakauondoa ulimi karibu nusu, kisha wakachukua kipande cha ngozi na nyama kwenye mkono wake wa kushoto, wakakishona mdomoni kuziba pengo, na mishipa yake wakaiunga na ya shingoni mpaka damu ikapita. Habari ilipofika Mtinko ilikuwa imeshatiwa chumvi: mzee amewekewa ulimi wa ndama.

Ulimi mpya ulikubali. Alianza kumeza uji, baadaye ugali laini uliolainishwa zaidi kwa mlenda. Lakini nyama ya mkono haijui kuongea. Ilijilalia tu mdomoni, na ile nusu ya zamani ikabaki kufanya kazi ya ulimi mzima. Witness, binti aliyemfundisha mazoezi ya kuongea wodini, alimuaga kwa kumwambia, "Babu, ongea kila siku, na uongee na watu. Ukinyamaza, utazoea kunyamaza."

Kwa kweli alijaribu. Mnada wa kwanza baada ya kurudi, alikwenda kuwasalimia wenzake. Maneno yakamtoka yamekwaruzana, mate yakamponyoka, na kijana mmoja mnunuzi asiyemjua akasema, "Mzee, leo umeamkia kilabuni?" Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, ndivyo mnada ulivyo, hata yeye mwenyewe angecheka zamani. Akarudi nyumbani, akafunga mdomo. Tangu hapo aliongea na mkewe tu, Kristina, chumbani, kwa sauti ya chini.

Na hapo ndipo alipoingia Belinda. Mwanawe Moses alikuwa amemwoa huko Kiomboi, wakati mzee akiwa bado wodini. Mzee aliporudi, Moses akamleta nyumbani, akakaa naye siku chache, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kuendesha trekta Itigi. Kuhusu baba yake alimwambia tu kwamba alikuwa akiumwa mdomo na sasa amepona.

Belinda alilelewa vizuri, na malezi hayo ndiyo yaliyomponza. Kila asubuhi alipiga magoti mbele ya mkwe wake, macho chini kama alivyofundishwa, akasema, "Shikamoo, baba." Mzee Alute aliitikia kwa kichwa. Aliitikia kwa moyo wote, maskini, lakini kichwa hakina sauti, na binti aliyeinamisha macho ataonaje kichwa cha mkwe? Yeye alisikia ukimya tu. Na shikamoo isiyoitikiwa si jambo dogo. Ni kuambiwa kwamba hutakiwi katika nyumba hiyo.

"Mwitikie mtoto wa watu!" Kristina alimgombeza mumewe.

"Nitamwitikia ikikaa sawa," mzee alinong'ona. "Asinisikie nikiongea kama mlevi. Na wewe usimwambie."

Kristina alitii, jambo alilokuja kulijutia. Belinda alipouliza kama kuna kosa amefanya, alijibiwa, "Mzoee tu, mwanangu."

Mzee naye hakukaa bure. Kila jioni aliingia zizini akafanya mazoezi yake mbele ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hawacheki. Aliwapa habari za mvua, aliwauliza hali, alirudia maneno magumu mpaka taya likamuuma. Jioni moja Belinda alikwenda kuzoa samadi. Akiwa nyuma ya uzio wa miiba, akaisikia sauti ya mwanaume, nzito, ikiendelea bila kukatika. Maneno hakuyapata, lakini akachungulia, akaona mgongo wa mkwe wake. Akarudi na karai tupu. Usiku ule alilia mpaka mto ukalowa.

Asubuhi alitoka na begi lake.

"Mama, mimi nakwenda kwetu Kiomboi."

"Mwanangu, subiri basi Moses aje."

"Nasubiri nini, mama? Baba anaongea. Nimemsikia mwenyewe. Ng'ombe wanajuliwa hali, na mimi tangu nije sijaambiwa hata neno moja. Kama hanitaki, mimi nitalazimisha?"

Mzee Alute alikuwa pale zizini, na alisikia yote. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa akimtunzia binti huyu marahaba nzuri, iliyonyooka, na kumbe kwa kuitunza alikuwa anamfukuza. Akatoka uani.

Belinda alikuwa na hasira, lakini malezi ni malezi. Akapiga magoti, begi begani, macho chini.

"Shikamoo, baba. Naomba niende."

Mzee akafungua mdomo.

"Mayahaba."

Ilitoka nzito, imepinda, na mate yakamchuruzika kidevuni. Belinda alishtuka, na bila kujua akainua macho. Kwa mara ya kwanza alimtazama mkwe wake usoni. Aliona mdomo uliovutwa upande mmoja, kovu refu lililoshuka mpaka shingoni, na macho ya mtu mzima yaliyojaa machozi.

"Hiyo ya leo," mzee akasema, taratibu, akijifuta kwa mkono wa shati. Akavuta pumzi. "Mayahaba ya jana." Akameza mate. "Mayahaba ya juzi. Mayahaba ya Jumapili."

Kristina alijifunika uso kwa kanga. Mzee hakuishia hapo. Aliendelea kurudi nyuma, asubuhi moja baada ya nyingine, anachoka, anapumzika, anaanza tena, na hakuna hata moja iliyokaa sawa. Belinda alikuwa analia waziwazi sasa. Begi lilikuwa limeshamteleza begani bila yeye kujua.

Mwishowe mzee akanyamaza, anahema.

"Bado moja, baba," Belinda akasema. "Ya siku niliyokuja."

Mzee Alute akafuta tena kidevu, akajiweka sawa. Hiyo ilitoka vibaya kuliko zote, na Belinda akaipokea kwa mikono miwili, akiwa bado amepiga magoti.